Ukuta Wenye Njaa

Mtu mmoja aliingia dukani bila kupiga hodi, ameinua mshumaa juu ya kichwa kama aliyekuja kukamata mwizi na ushahidi anao mkononi. Mshumaa wenyewe ulikuwa umepinda katikati, umeinamisha kichwa, mfano wa mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni.

"Nani mwenye tanuri hili?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne, mikate ya awamu ya pili imeshatoka, na sote tulikuwepo. Shangazi, ambaye ndiye mwenye tanuri, alikuwa anapanga mikate rafuni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mahali ambapo hapiti mteja bila kukaguliwa. Babu alijifanya anachekecha unga, kumbe anatafuna maganda ya mkate ulioungua. Mimi nilikuwa nafunga mikate kwenye karatasi, kazi niliyoifanya kwa miezi minane tangu nimalize chuo. Shahada yangu ya uhandisi ilikuwa imetundikwa juu ya mizani. Shangazi ndiye aliyeitundika hapo, ili wateja wapate cha kusoma wakisubiri chenji.

"Hodi kwanza, maswali baadaye," Bibi alisema.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa uliza."

Mgeni alikuwa amepanga chumba cha jirani, upande wa pili wa ukuta wetu, wiki moja tu iliyopita. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mishumaa ya nta ya nyuki. Hoteli moja ilimwagiza mishumaa mia mbili, ichukuliwe Jumamosi. Aliipanga kwenye rafu iliyogusana na ukuta, imesimama wima kama wanafunzi mstarini, na asubuhi hiyo aliikuta yote imepiga magoti.

"Ukuta wako unapika mishumaa yangu," alimwambia Shangazi. "Nitaimwaga upya, sikatai. Lakini dada yangu, nakuomba, zima tanuri mpaka Jumamosi."

"Nizime tanuri? Na wateja wangu wale nini? Mishumaa yako?"

Babu aliweka chekeche chini, akajifuta makombo mdomoni. Ukitaka kumwona Babu amesimama wima, useme vibaya juu ya ukuta ule. Alikuwa fundi mwashi kabla magoti hayajamstaafisha.

"Mwanangu," alimwambia mgeni, "ukuta huo haupitishi hata umbea. Tofali, maranda, tofali. Nimeujenga kwa mikono hii mwaka niliooa. Katikati nimeshindilia maranda ya seremala, magunia kumi na mawili, makusudi joto lisivuke."

"Niliyabeba mimi," Bibi alidakia. "Kwa kichwa hiki, kutoka kwa seremala mpaka hapa, gunia moja moja. Nilidhani naolewa, kumbe naajiriwa."

Nami, ambaye kwa miezi minane sikuulizwa swali lolote gumu kuliko "mkate wa jana upo?", nilisikia mdomo wangu ukisema, "Hilo linaweza kupigiwa hesabu."

Wote wakanigeukia.

"Injinia ameamka," Shangazi alisema. Injinia ndilo jina langu pale nyumbani, na hulitamka kwa namna ya mtu anayemwita paka "Simba".

Lakini mgeni hakucheka. Alisogelea mizani, akasoma shahada yangu mstari kwa mstari, mpaka sahihi na muhuri. Kisha akaniambia jambo lililonifanya niangushe mkate. Dada yake mdogo alikuwa msimamizi wa kiwanda kinachotengeneza vyumba vya baridi, na walikuwa wanatafuta mtu wa kupiga hesabu za kuta. "Amechoka na wanaoleta vyeti tu. Wewe niambie kwa hesabu ukuta huu una nini. Ukinipa karatasi yenye akili, nitampelekea Jumatatu kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimeshatuma barua za maombi arobaini na moja. Zilizojibiwa ni tatu, na mojawapo ilikuwa imekosewa anuani. Kwa hiyo niseme wazi: niliitaka kazi ile kama mtu anayezama anavyoitaka hewa.

Mchana ule nilikwenda chumba cha nyuma, nikaketi juu ya kitanda cha Babu na Bibi, ambacho ndicho mahali pekee pa nyumba yetu penye mwanga mzuri, nikafungua daftari. Bibi alinifuata.

"Usinichafulie godoro kwa wino, mke mwenzangu. Unalijua godoro hilo?"

Nalijua. Mtaa mzima unalijua. Ni Godoro la Harusi, sufi tupu kutoka dukani, zawadi ya Babu kwa bibi arusi wake. Kila baada ya miaka michache Babu hulibadilishia foronya, naye hushona mwenyewe, mlango umefungwa, hataki msaidizi. "Nitajie mume mwingine anayemshonea mkewe godoro," Bibi hupenda kusema. Siku hiyo aliongeza, huku akilipapasa, "Na lina joto lake! Sakafu iwe baridi kama barafu, juu hapa hujui."

Niliitikia, nikaendelea na hesabu zangu. Laiti ningesikiliza.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Joto ni msafiri anayekwenda upande mmoja tu, kule kwenye ubaridi. Kila safu ya ukuta ni mlango wenye bawabu, bawabu mwingine mlegevu, mwingine mkali. Tanuri likishawaka sawasawa kwa muda mrefu, na ukuta ukatulia, joto linaloingia upande huu ndilo linalotoka upande ule. Hakuna linalolala njiani. Kwa hiyo unajumlisha ukali wa mabawabu wote, unachukua tofauti ya joto baina ya pande mbili, unagawanya, umemaliza. Tena hupaswi kusahau hewa yenyewe, maana pale inapogusa ukuta hufanya kama ngozi nyembamba, na ngozi hiyo nayo ni bawabu.

Nilipima. Nyuma ya tanuri hewa ilikuwa nyuzi themanini. Chumbani kwa jirani, nyuzi ishirini na nane. Tofauti hamsini na mbili. Ngozi ya hewa upande wetu nikaipa ukinzani, yaani ule ukali wa bawabu, wa sufuri nukta moja. Tofali, sufuri nukta moja saba. Maranda, mkali wao wote, moja nukta nne tatu. Tofali tena. Ngozi ya hewa upande wa mishumaa, sufuri nukta moja mbili tano. Jumla, kama mbili hivi. Hamsini na mbili gawanya kwa mbili: wati ishirini na sita kwa kila mita ya mraba. Uso wa ukuta upande wa jirani ungekuwa na nyuzi thelathini na moja. Nta haipindi kwa nyuzi thelathini na moja.

Nilitoka nje nimenyoosha shingo. "Ukuta hauna kosa," nilimtangazia Mtu wa Mishumaa barabarani, mbele ya watu. "Labda mishumaa yako ina tabia mbaya."

Babu alipiga makofi. Mtu wa Mishumaa hakubishana. Alikwenda chumbani kwake, akachukua kipimajoto anachotumia kwenye sufuria ya nta, akakibandika ukutani, akaniita.

Thelathini na saba.

Nilikisugua. Nikakipuliza. Kikakaa pale pale.

Huyu jirani alikuwa mtu mwema, lakini mdomo wake ulikuwa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Kufikia jioni muuza viatu, kinyozi na mama wa duka la vitambaa wote walijua kwamba Injinia alisema thelathini na moja na ukuta ukasema thelathini na saba. Kinyozi aliniuliza kama naweza kumpigia hesabu ya nywele zilizobaki kichwani kwa Babu, na kama jibu litazidi kwa sita au litapungua kwa sita.

Jumatano nilirudi kwenye lile godoro nikiwa na aibu na daftari. Nikajiambia: ukuta hausemi uongo, hauna sababu. Basi nianzie kwake, nirudi nyuma. Uso una nyuzi thelathini na saba, hewa ishirini na nane. Nyuzi tisa zinakatika katika ile ngozi ya hewa. Tisa gawanya kwa sufuri nukta moja mbili tano, wati sabini na mbili. Na kwa kuwa hakuna joto linalolala njiani, hizo hizo sabini na mbili zimepita kwenye kila safu. Hamsini na mbili gawanya kwa sabini na mbili, unapata ukinzani wa ukuta mzima: sufuri nukta saba mbili. Nikatoa matofali mawili. Nikatoa ngozi mbili za hewa. Kilichobaki kwa ajili ya maranda kilikuwa sufuri nukta moja sita.

Maranda yangekuwa moja nukta nne tatu. Sufuri nukta moja sita ni kiasi cha hewa tupu.

Niliirudia mara nne. Ilikuwa hesabu nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Sikuwa nimetoboa hata tundu, na nilikuwa nimeona ndani ya ukuta. Katikati hapakuwa na kitu. Niliandika chini, nikapiga mstari: *safu ya maranda haipo.*

Babu alikuwa stoo, juu ya gunia la unga, anasinzia. Nilifunga mlango.

"Babu, katikati ya ukuta mna nini?"

"Maranda."

"Babu."

"Magunia kumi na mawili, muulize bibi yako."

Nilimwonyesha karatasi. Babu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini anamjua mtu mwenye uhakika akimwona. Aliitazama ile "haipo" niliyoipigia mstari. Kisha akatazama mlango. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akaona haya, mzee mzima, mpaka masikio.

"Mchumba," alinong'ona, "umelala juu yake tangu utotoni kila ulipougua."

Ilinichukua muda. Halafu nikaziba mdomo kwa aproni nisicheke kwa sauti.

Ilikuwa hivi. Babu alimwahidi bibi arusi godoro la sufi kutoka dukani. Harusi ilikuwa inakaribia, na sufi aliyoweza kupata ilitosha mto mmoja. Ukuta ulikuwa umesimama, uwazi wake uko tayari, na magunia kumi na mawili ya maranda makavu yenye harufu nzuri yalikuwa yanamtazama. Akamwambia mchumba wake aende nyumbani akapumzike, atayamimina mwenyewe. Akayamimina kweli, ila kwenye foronya. Maranda chini, sufi kidogo juu, akashona. Kisha akaufunika ukuta kwa tofali la mwisho, akapaka lipu.

"Miaka arobaini na sita," alisema Babu. "Kila nikishona foronya mpya, najiambia leo nitamwambia. Halafu ananiletea chai, ananisifu. Wewe ungesema?"

"Basi mimi niseme tu kwamba ukuta uko tupu. Sitataja godoro."

"Akisikia ukuta uko tupu ataniuliza swali moja tu: nilichobeba kwa kichwa changu kilikwenda wapi? Mjukuu wangu, mimi uongo mpya siuwezi tena. Nimezeeka na huu mmoja." Alinishika mkono, na viganja vyake bado vilikuwa vikavu kama saruji. "Niahidi. Usiseme, wala usionyeshe karatasi hiyo. Hasa kwa yule wa mishumaa, mdomo wake ni soko."

Nikaahidi. Nilikuwa nacheka bado, kwa hiyo sikuhisi uzito wake.

Alhamisi asubuhi Babu alitangaza dukani, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa, kwamba maranda yakikaa miaka mingi huzama, kama unga kwenye debe ukitikiswa, na kwamba ukuta unahitaji kuongezewa kidogo. Si uongo kwamba maranda huzama. Shangazi alisema kama ni kuongezea kidogo tu, sawa, lakini tanuri halizimwi. Babu akatoa tofali mbili za juu kabisa, kwa ustadi wa daktari wa meno, nikapanda ngazi, na Mtu wa Mishumaa akajitolea kuleta maranda kwa mkokoteni kutoka kwa seremala wa mtaa wa pili.

Nilimimina gunia la kwanza. Halikusikika likifika.

La pili. La tatu. Nilikuwa nasukumia kwa mpini wa koleo la mikate. Kwenye gunia la sita Shangazi alisimama chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Baba, ulisema kidogo."

"Kidogo ni maneno ya watu," Babu alijibu. "Ukuta umekaa siku nyingi. Una njaa."

"Gunia la nane! Huu una njaa au una minyoo?"

Mtu wa Mishumaa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi huko juu nilikuwa nimejaa maranda kwenye nywele, na sikuthubutu kumtazama Babu, maana tungelipuka wote wawili. Bibi hakucheka. Alikuwa amehamisha kiti chake kutoka mlangoni akakileta mbele ya ngazi, na kila gunia lililopita aliligusa kwa ncha ya fimbo.

La mwisho lilijaza mpaka juu kabisa, likabaki la kushika kwa kiganja.

"Kumi na mawili," Bibi alisema.

Babu alipaliwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi kirefu, ikabidi apelekwe nje apate hewa.

Mtu wa Mishumaa alitaka kupima pale pale. Nikamwambia ukuta hauna haraka, lazima joto lipite litulie kwanza, asubiri siku nzima. Aliimwaga mishumaa yake upya, akaiweka mbali katikati ya chumba, akaja kuniuliza mara saba kama ukuta umeshatulia.

Ijumaa mchana tuliingia wote chumbani kwake, hata Bibi. Alibandika kipimajoto, tukasubiri kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Thelathini na moja.

Alisimamisha mshumaa mmoja kwenye rafu. Tukautazama. Ulisimama wima, mnyoofu, kama ulikuwa haujawahi kusikia habari za kuinama. Shangazi alipiga vigelegele. Tuliporudi dukani kinyozi alikuja kuniomba radhi, akasema nywele za Babu hataki tena zihesabiwe.

Hapo ndipo Mtu wa Mishumaa alipoegemea meza, akanyoosha mkono.

"Sasa nipe karatasi, Injinia. Jumatatu naonana na dada yangu."

Nilimpa ile ya kwanza, ya Jumanne. Aliisoma, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya kitabu. Hii atapewa na yeyote. Mimi nataka ya pili. Juzi ukuta ulikuwa na thelathini na saba, ukaketi na daftari lako ndani, hukutoboa chochote, ukatoka unajua dawa yake. Ulijuaje? Dada yangu ana vyumba vinavuja baridi na hajui wapi. Ukimwonyesha hiyo, kazi ni yako, naapa."

Karatasi ya pili ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nilikuwa natembea nayo tangu Jumatano, natia mkono mara kwa mara kuhakikisha ipo. Niliwaza kumpa nimfiche mstari wa mwisho. Lakini hesabu yote ilikuwa inaelekea kwenye mstari ule. Asiyeusoma angeupata mwenyewe, na angemwambia kinyozi kabla ya kumwambia dada yake. Nyuma yangu chekeche la Babu lilinyamaza.

"Hata mimi ningependa kusikia," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ulijuaje, mke mwenzangu?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mtulivu, mikono imekaa juu ya fimbo. Sikuweza kusoma chochote.

"Siwezi kuonyesha," nilisema.

"Umeipoteza?" Mtu wa Mishumaa aliuliza.

"Hapana. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Hilo nalo limo kwenye ahadi."

Alinitazama kwa huruma, namna wanavyotazamwa watu waliokaa na njaa karibu na chakula. Aliikunja ile karatasi ya kwanza mara mbili, akaitia mfukoni. "Nitampa hii basi. Lakini usikae unaisubiri." Akanunua mkate mmoja, akaenda zake.

"Miezi minane!" Shangazi alilipuka. "Miezi minane unalilia kazi, kazi inakuja inakubishia hodi—"

"Haikubisha hodi," Bibi alisema. "Iliingia tu."

Nilikwenda kwenye tanuri. Machozi yalikuwa karibu, na sikutaka yaonekane na wateja chini ya shahada yangu. Nilifungua mlango, nikatoa ile karatasi mfukoni, nikaisoma mara moja ya mwisho, tisa gawanya kwa sufuri nukta moja mbili tano, mpaka chini. Kisha nikailaza juu ya koleo na kuisukuma ndani kama mkate. Ilijikunja, ikainamisha kichwa kama ule mshumaa wa Jumanne, ikawaka.

Chekeche la Babu lilianza tena, polepole.

"Funga mlango wa tanuri, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Unapoteza joto."

Nikafunga.